Nguvu Inayokubali Kusahihishwa

Opampu ya 741, chipu ya kukuza ishara za umeme, ina urefu wa sentimita moja hivi, mwili mweusi wa plastiki na miguu minane ya chuma. Karatasi ya maelezo ya watengenezaji inasema kiwango chake cha ukuzaji, kwa kawaida, ni 200,000. Maana yake ni kwamba tofauti yoyote ya volti iliyopo kati ya mguu wa pili na mguu wa tatu huzidishwa mara laki mbili kabla ya kutolewa kwenye mguu wa sita. Nimefundisha elektroniki katika chuo cha ufundi kwa miaka mingi, na kila kundi jipya la wanafunzi likisikia namba hiyo macho huwang'aa. Kijana hupenda nguvu. Anaona amekabidhiwa kitu kinachoweza kuichukua ishara ndogo kabisa na kuifanya isikike uwanja mzima.

Nawaacha wafurahi, kisha nawaambia waiunganishe jinsi ilivyo, bila rezista yoyote kuizunguka, waipe umeme wa volti 15 juu ya graundi, yaani sifuri ya saketi, na 15 chini yake, halafu wapime. Mita inasoma volti 13 au 14 na kukwama hapo. Au inasoma kiasi hichohicho upande wa hasi na kukwama huko. Ukibadilisha kidogo volti ya kuingilia, inaruka moja kwa moja upande wa pili. Hakuna katikati. Darasa linanyamaza, mmoja anauliza kama chipu imeungua.

Haijaungua. Fanya hesabu: gawa volti 14 kwa 200,000, utapata maikrovolti 70. Tofauti ya maikrovolti 70 tu kati ya miguu miwili inatosha kuisukuma mpaka mwisho wa uwezo wake. Na chipu yenyewe, kwa namna ilivyotengenezwa, ina kasoro yake ya ndani: miguu hiyo miwili hailingani kikamilifu, na kwa 741 tofauti hiyo ya kuzaliwa ni kama milivolti moja, yaani mara kumi na nne ya kile kinachohitajika kuisukuma mpaka ukomo. Kwa hiyo hata ukiifunga miguu yote miwili kwenye graundi, ukasema sasa haina cha kukuza, itaikuza kasoro yake yenyewe mpaka ifike ukomo wa umeme iliopewa.

Hapo ndipo tafakari yangu ilipoanzia, na mpaka leo sijaimaliza. Kipaji kikubwa kisichosahihishwa na chochote hakikuzi ujumbe kilioletewa. Hukuza kasoro ya mwenye kipaji. Nimewaona watu wa namna hiyo: mhubiri mwenye sauti ya kutetemesha ukumbi, kiongozi mwepesi wa kuamua, fundi mwenye mikono isiyo na mfano. Wakikosa kitu cha kuwarudisha, kidogo kilichokuwa kimepinda ndani yao ndicho kinachotawala kila wanachokitoa, na nguvu zao zote huishia kukitumikia.

Dawa yake katika saketi ni jambo dogo mno. Unachukua rezista moja, unaiunganisha kutoka mguu wa sita, mahali matokeo yanapotokea, unairudisha kwenye mguu wa pili, ambao ni mguu wa hasi. Rezista nyingine inatoka kwenye mguu huohuo wa hasi kwenda graundi. Ishara yako unaiingiza kwenye mguu wa tatu, mguu wa chanya. Basi. Sasa chipu inalazimika kusikia sehemu ya kile inachokisema yenyewe, na kukisikia mahali ambapo kinapunguzwa katika ishara, si kujumlishwa. Matokeo yakipanda kuliko inavyotakiwa, mguu wa hasi nao unapanda, tofauti kati ya miguu miwili inapungua, na chipu inajishusha. Yakishuka mno, tofauti inakua, na chipu inajipandisha. Inatulia pale ambapo miguu miwili ya kuingilia inakaribia kabisa kulingana. Tukisema "mrejesho hasi" katika elektroniki, ndio huu.

Ukiweka rezista ya omu 10,000 kwenye njia ya kurudi na ya omu 1,000 kwenda graundi, kiwango cha ukuzaji kinakuwa 1 kuongeza 10,000 gawa kwa 1,000, yaani 11. Kutoka laki mbili hadi kumi na moja! Wanafunzi huiona hii ni hasara ya kusikitisha. Tumetupa karibu kila kitu.

Tumekitupa, lakini tazama tulichonunua. Karatasi ya maelezo inayotoa ahadi ya laki mbili ina safu nyingine, ya kiwango cha chini kinachokubalika, na kwa aina za bei nafuu za 741 kiwango hicho ni 20,000. Chipu mbili za boksi moja zinaweza kutofautiana mara kumi, na zote zikauzwa kama nzima. Ziweke katika saketi ileile ya 11. Yenye laki mbili itakuza mara 10.9994. Yenye elfu ishirini itakuza mara 10.994. Moja ina nguvu mara kumi ya mwenzake, lakini kazi zao zinatofautiana kwa sehemu tano tu kati ya elfu kumi. Mita ya kawaida ya dukani haiwezi kuziona tofauti. Joto la mchana likibadilisha tabia ya transista zilizo ndani, ukuzaji unabaki 11. Chipu ikizeeka, unabaki 11. Kinachoamua ni rezista mbili za bei ndogo kuliko kipande cha muwa.

Mimi hili hunifariji kama mwalimu. Darasani kwangu huja vijana wa uwezo tofauti sana, na kwa muda mrefu nimewaona wa uwezo wa wastani, wanaokubali kurudishiwa kazi na kuitengeneza upya, wakitoa kazi inayoaminika sawasawa na ya wale wenye akili za kupaa. Nguvu ya asili inahitajika, sikatai. Chipu yenye ukuzaji wa kumi haiwezi kukupa kumi na moja. Lakini ikishazidi kiasi fulani, haiongezi sana ubora wa kazi. Baada ya hapo kinachotafutwa ni uaminifu wa njia ya kurudi.

Wa kwanza kuuona ukweli huu katika vikuzaji aliupata akiwa safarini kwenda kazini. Harold Black alikuwa mhandisi kijana wa Bell Labs nchini Marekani. Simu za masafa marefu za nchi ile zilipitishwa katika vikuzaji vingi vilivyopangwa kwa mfululizo, na kila kimoja kiliongeza upotovu wake kidogo, mpaka sauti ikifika mwisho wa safari imeharibika. Black alihangaika miaka kadhaa akitafuta kikuzaji kisicho na dosari, na valvu za wakati huo, mirija ya kioo iliyokuza umeme kabla ya transista, hazikumpa. Asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1927, akiwa kwenye kivuko akivuka mto Hudson kuelekea New York, akaona kwamba hana haja ya kuipata valvu kamilifu. Anachohitaji ni kutengeneza ukuzaji mwingi kupita mahitaji yake, kisha kuutoa kafara uliozidi kwa kuyarudisha matokeo yajisahihishe. Akachora saketi na kuandika milinganyo juu ya ukurasa wa gazeti la New York Times alilokuwa nalo. Ofisi ya hataza haikumwamini upesi. Aliomba mwaka 1928 na akapewa mwaka 1937. Wazo la kwamba mtu anaweza kuwa bora kwa kujipunguzia nguvu lilikuwa gumu kulipokea hata kwa wataalamu, na bado ni gumu.

Kuna namna ya pili ya kuunganisha, ambayo mimi naipenda kuliko ya kwanza. Mguu wa chanya unafungwa kwenye graundi, na ishara inaletwa kwenye mguu wa hasi kupitia rezista ya omu 1,000. Rezista ya kurudi ni ileile ya omu 10,000. Kwa kuwa chipu inapigana muda wote kuilinganisha miguu miwili, na mmoja uko kwenye sifuri, basi na huu wa hasi unakaa kwenye sifuri, ingawa haujaunganishwa na graundi kwa waya wowote. Ni graundi isiyoonekana, inayoshikiliwa na juhudi tu. Leta nusu volti: mkondo wa miliampea 0.5 unapita katika rezista ya kwanza. Chipu yenyewe haimezi mkondo wowote wa kuhesabika, kwa hiyo miliampea hizo zote zinaendelea kupitia rezista ya pili, ambako zinahitaji volti 5. Matokeo yanashuka mpaka volti 5 chini ya graundi. Ishara imekuzwa mara kumi na kugeuzwa upande.

Ukiipima ile nukta katikati, mita inasoma sifuri. Mwanafunzi asiyeelewa atasema hapo hakuna kinachotendeka. Kumbe hapo ndipo kazi yote inapofanyika, na utulivu ule ni matokeo ya jitihada isiyokoma upande wa pili. Nikiipima nukta hiyo humkumbuka mama yangu, ambaye nyumba yake haikuwa na ugomvi, nasi watoto tukadhani amani ni hali ya kawaida ya nyumba. Hatukujua ilikuwa inashikiliwa na nani.

Sasa, mahali unaporudisha ni jambo la kufa na kupona. Rezista ileile, ukiitoa kwenye mguu wa hasi ukaifunga kwenye mguu wa chanya, inaharibu kila kitu. Matokeo yakipanda kidogo, chipu inasikia sauti yake ikiwa imejumlishwa kwenye ujumbe, inapanda zaidi, inajisikia tena, inapanda, mpaka inagota. Kila mtu amewahi kusikia jambo hili harusini: maiki ikielekezwa kwenye spika, sauti ya spika inaingia tena kwenye maiki, na ukumbi mzima unaziba masikio kwa lile yowe. Kwa nje saketi mbili hizi zinafanana. Zote zina njia ya kurudi, na katika zote mwenye nguvu anasikilizwa na anasikia. Tofauti ni kwamba katika moja anachosikia kinatolewa katika alichokusudia, na katika nyingine kinaongezwa. Mtu aliyezungukwa na wanaomsifu hakukosa mrejesho. Ameupata mwingi, ila umefungwa mguu usio wake.

(Mrejesho wa chanya una kazi zake halali, nisije nikaudhulumu. Taa ya nje inayojiwasha jioni inauhitaji ili, ikishaamua kuwa ni usiku, isiwe inawaka na kuzima kila wingu linapopita. Ni wa maamuzi, basi.)

Lakini lipo jambo gumu kuliko mahali pa kurudisha, nalo ni wakati. Chipu yoyote huchelewa kidogo. Ishara ikiingia, matokeo hayatoki papo hapo. Kila hatua ya ndani inakula muda. Kwa ishara inayobadilika polepole, kuchelewa huko si kitu. Kwa ishara ya kasi, masahihisho yanafika wakati wimbi limeshageuka. Yalikusudiwa kupunguza, lakini kwa kuwa yamechelewa nusu mzunguko, yanafika na kuongeza. Mrejesho hasi uliochelewa kiasi hicho ni mrejesho chanya. Saketi inaanza kutetemeka yenyewe bila kuletewa ishara yoyote, na kwenye kioo cha osiloskopu utaona mawimbi ambayo hakuna aliyeyaomba.

Chipu iliyotangulia, 709 ya mwaka 1965, kazi ya Bob Widlar wa kampuni ya Fairchild, ilikuwa na tatizo hilo. Mtumiaji alilazimika kuongeza kapasita na rezista zake nje ili isitetemeke, na akikosea kuzichagua ilitetemeka. Mwaka 1968, katika kampuni hiyohiyo, Dave Fullagar aliweka ndani ya 741 kapasita ndogo ya pikofaradi 30. Kazi ya kapasita hiyo ni kuipunguza kasi. Ile laki mbili inayotangazwa inapatikana kwa ishara za chini ya hezi 5 hivi tu. Kuanzia hapo ukuzaji unashuka polepole na kwa mpangilio, mpaka kwenye hezi milioni moja unakuwa umebaki 1. Kwa maneno mengine, chipu imefundishwa kutotumia nguvu yake kwa haraka kuliko inavyoweza kusahihishwa. Zimepita zaidi ya nusu karne na bado inatengenezwa, bado iko madukani, ingawa zipo zenye kasi mara mia.

Suala hili la wakati linanigusa kwa sababu ya kazi yangu. Shule moja niliyosoma ilikuwa na desturi ya kuturudishia karatasi za mtihani muhula unaofuata, zikiwa na alama nyekundu zilizojaa. Masahihisho yalikuwa ya haki na yameandikwa kwa makini. Lakini tulikuwa tumeshahamia mada nyingine, makosa yale yameota mizizi, na mwanafunzi aliyeambiwa mwezi wa pili kuhusu kosa la mwezi wa kumi na moja alifanya moja ya mambo mawili: alipuuza, au alibadilisha kitu ambacho wakati huo hakikuwa na kosa tena. Nimeshuhudia hali hiyohiyo katika familia ambazo baba hunyamazia jambo mwaka mzima kisha akalitoa lote siku moja, mbele ya wageni. Alichosema ni kweli. Na nyumba ikaanza kutetemeka.

Kinyume chake nilikiona kwa mzee mmoja fundi redio, Tanga, aliyenipokea nilipomaliza shule. Alikuwa akikaa ubavuni mwangu nikilehemu. Kiungo cha kwanza tu, kabla hakijapoa, alishasema: moto haukutosha, rudia. Hakuwahi kunisomesha hotuba ya dakika kumi. Maneno mawili, sasa hivi, basi. Vikundi vya kuweka na kukopa vya mitaani kwetu vinaelewa siri hii kuliko taasisi nyingi zenye majengo: fedha inahesabiwa mbele ya wanachama wote, kila mkutano, sanduku likiwa wazi. Hakuna anayesubiri ukaguzi wa mwisho wa mwaka ili agundue kilichopotea.

Ipo saketi ambayo wanafunzi huidharau. Mguu wa sita unaunganishwa moja kwa moja na mguu wa pili kwa waya, bila rezista. Ukuzaji wake ni 1. Ukiingiza volti 2, zinatoka volti 2. "Sasa mwalimu, faida yake?" Faida ni kwamba vihisi vingi ni dhaifu, vinaweza kusema volti 2 lakini havina mkondo wa kuitegemeza kauli hiyo, na ukiviunganisha na mzigo, volti inaporomoka. Opampu hii inasikiliza karibu bila kuchukua chochote, kisha inasema kilekile kwa nguvu zake yenyewe, miliampea kadhaa kama zinahitajika. Ni mshenga mwema: anafikisha posa kama alivyotumwa, haongezi, hapunguzi, lakini kwa kusimama kwake mtu asiye na sauti mbele ya wakwe anasikika. Mimi huwaambia vijana kwamba katika vifaa halisi watakavyovifungua, saketi hii ya moja kwa moja wataikuta mara nyingi mno.

Nyingine nitakayoisimulia kwa urefu ni ile ya tofauti, yenye rezista nne, kwa sababu iko katika mashine ya kupima moyo hospitalini. Umeme wa moyo unaofika kwenye ngozi ni kama milivolti moja. Mwili huohuo umezungukwa na nyaya za umeme wa hezi 50 katika kuta na taa, na unaubeba mtetemo wa nyaya hizo, ambao unaweza kufika volti nzima, mara elfu ya sauti ya moyo. Ukitumia waya mmoja, utasikia nyaya za ukutani tu. Kwa hiyo unaweka waya mbili, mkono wa kulia na wa kushoto. Kelele ya ukutani inafika kwenye mikono yote miwili kwa kiasi kilekile. Moyo unafika kwa tofauti. Saketi inatoa upande mmoja katika mwingine: kilichokuwa cha pamoja kinafutika, kilichokuwa tofauti kinabaki, nacho ni moyo. Mashine nyingi huenda mbali zaidi. Huichukua ile kelele ya pamoja, huigeuza, na kuirudisha mwilini mwa mgonjwa kupitia mguu wake wa kulia, ili ipungue hukohuko inakotoka.

Sharti lake ni kali. Rezista za upande huu lazima zilingane na za upande ule. Chukua saketi ya namna hii isiyokuza, yenye rezista za kosa la asilimia 1. Bahati ikiwa mbaya kabisa, sehemu moja kati ya hamsini ya kelele itavuja. Volti moja ya kelele inavujisha milivolti 20, mara ishirini ya moyo. Daktari ataona mistari mingi na asiuone moyo. Hakuna kilichovunjika, upande mmoja umepewa uzito kidogo kuliko mwingine, basi. Wazee wanaokaa barazani kusuluhisha mume na mke wanajua kwa nini lazima wawaite wote wawili, siku moja, na kumpa kila mmoja muda uleule. Maneno ya mtaani yamewafikia wote. Ukimsikiliza mmoja peke yake, utausikia mtaa. Ukiwasikiliza wote lakini ukampendelea mmoja kwa punje tu, mtaa utavuja ndani ya hukumu, na kile kidogo kilichokuwa kinauma kweli kitafunikwa.

Katika ile namna ya pili ya kuunganisha, badala ya rezista ya kurudi unaweza pia kuweka kapasita. Hapo saketi inakusanya: kila inacholetewa inakijumlisha na kilichopita, haisahau. Kabla ya kompyuta za tarakimu kuenea, opampu za valvu zilitumika hivyo kutatua milinganyo ya mwendo wa vitu. John Ragazzini na wenzake waliandika habari zake mwaka 1947, na kuanzia mwaka 1953 kampuni ya George Philbrick iliuza opampu ya K2-W yenye valvu mbili, iliyohitaji volti 300 juu na 300 chini. Saketi yenye kumbukumbu kamili ina ugonjwa wake. Ile kasoro ya milivolti moja niliyoitaja mwanzo, kwa rezista ya omu 100,000 na kapasita ya maikrofaradi 1, inakusanywa kwa milivolti 10 kila sekunde, na peke yake inaijaza saketi mpaka ukomo ndani ya dakika 23 hivi. Hakuna aliyeikosea saketi hiyo kosa kubwa. Kidogo kidogo kisichofutwa kimetosha. Ndiyo maana fundi huweka rezista kubwa sambamba na kapasita ili yaliyopita yavuje taratibu. Ndoa, urafiki na ujirani wa muda mrefu ninaoufahamu vyote vina rezista hiyo mahali fulani.

Na juu ya haya yote kuna ukomo usiojadilika: opampu haitoi zaidi ya umeme iliopewa. Ukitaka kukuza volti 2 mara 11 kwa betri ya volti 9, hutapata 22. Hakuna mrejesho unaoweza kuifanya itoe isichokuwa nacho, na mwenye kudai hivyo kwa mtoto, mfanyakazi au mwenzi wake anadai kinyume cha maumbile.

Nakuomba basi, msomaji, hasa wewe kijana uliye karibu na duka la vipuri, usiishie kunisoma. Nunua chipu moja ya opampu ya LM358, bredibodi, betri ya volti 9, rezista moja ya omu 1,000 na moja ya 10,000, na volyumu ya omu 10,000. Mguu wa 8 upeleke kwenye chanya ya betri, wa 4 kwenye hasi. Volyumu iunge kati ya pande mbili za betri, mguu wake wa katikati uende kwenye mguu wa 3, uizungushe mpaka mita isome nusu volti. Rezista ya 10,000 itoke mguu wa 1 kurudi mguu wa 2. Ya 1,000 itoke mguu wa 2 kwenda hasi ya betri. Pima mguu wa 1, utakuta volti 5.5 au karibu sana. Sasa ing'oe rezista ya kurudi mita ikiwa bado imeunganishwa, uone itakavyoruka mpaka volti 7 na ushee na kukwama. Irudishe, uone itakavyotulia. Ndani ya chipu hiyohiyo kuna opampu ya pili, miguu ya 5, 6 na 7. Mkaribishe mwenzako aijaribu hiyo.